Jiko Upande wa Jua

Kwa Mama Pacha, 4 Machi

Kifungua mimba wangu,

Mimi mzima, ila mgongo, na mgongo huu unaujua vizuri maana ulipanda juu yake mpaka ukaota meno. Naandika kwa sababu simu unaikata. Unasema mama niko kazini nitakupigia, na hupigi. Karatasi haikatwi. Dereva wa lori la saruji amekubali kuwa posta yetu, nampa chai naye anafikisha.

Basi nyumba yetu imelala chini. Vijana wa Fundi Kimya waliusukuma ukuta mmoja tu, nyingine zote zikafuata, kama mzee aliyekuwa anasubiri kuambiwa aketi. Sikulia. Nililia baadaye kidogo, nikimwambia Mama Pacha ni vumbi. Ule mlango aliouchonga marehemu baba yako ulipakiwa kwenye lori kama ulivyoagiza. Uutunze. Nyumba mpya iwe na madirisha unayoyataka wewe, vigae vya kung'aa, mimi sisemi kitu, lakini mlango wa kuingilia ni ule ule. Mkono wangu unalijua komeo lake hata nikiwa nimefumba macho.

Nalala kwenye stoo ya Mama Pacha, kati ya magunia ya maharage na baiskeli isiyo na gurudumu. Ni jirani mwema, lakini kwa watu ni kwa watu. Hata nikikohoa naomba radhi. Ameanza kuniuliza huku anacheka kama mwanangu anajenga nyumba au ikulu, nikamwambia angoje tu, atakuja kunisalimia kwa miadi. Watu wengine wananong'ona kwamba ningekaa na kiwanja kwa jina langu. Nimewajibu kwamba baba yako alikuandika wewe na mimi sikupinga, kwa sababu mwana akiwa na kiwanja mama naye ana kiwanja.

Jambo langu ni jiko. Siku ile umekaa kwenye kigoda changu uliniahidi kwamba safari hii jiko litakuwa upande jua linapochomoza, nipate joto la asubuhi kwenye magoti. Nimemuuliza Fundi Kimya liko wapi kwenye ramani. Akasema nimuulize mwenye nyumba. Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi. Akaokota beleshi lake akaenda.

Nijibu. Kula vizuri, na usivae soksi mbichi.

Mama yako


Mjini, 11 Machi

Shikamoo mama,

Nimepata barua, nimecheka sana kuhusu ikulu. Samahani kwa simu, kazi zimenibana kooni. Mimi na mshirika wangu tunakimbizana na mambo mengi kabla barabara mpya haijafika huko.

Mama, ramani ni mambo ya kitaalamu, usimsumbue fundi. Jiko litakuwepo, usiwe na wasiwasi. Mlango uko salama. Na nakuomba usiende sana kiwanjani, kuna misumari na nondo, na jua lenyewe si rafiki yako. Pumzika. Umehangaika vya kutosha kwa ajili yetu.

Mwanao


Kwa Mama Pacha, 19 Machi

Mwanangu,

Usishtuke, hakuna aliyeumia. Lakini kazi imesimama.

Vijana walikuwa wanachimba kona ya nyuma, pale palipokuwa banda la kuku, sururu ikagonga udongo mwekundu uliookwa kama tofali. Chini yake vigae vya vyungu, vingine vina alama za vidole vya mtu kabisa, mstari mmoja mmoja, kama mwanamke aliyekuwa anafinyanga huku anapiga soga. Wakaendelea taratibu, ndipo yakatokea mawe matatu meusi yamekaa kwa utatu wao, na majivu katikati. Mafiga, baba. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Wale vijana waliruka nyuma wakidhani ni mambo ya uchawi, mmoja akapanda juu ya rundo la matofali. Nikawaambia uchawi gani una masizi, hilo ni jiko.

Fundi Kimya alichuchumaa pale muda mrefu. Kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kwake: kwamba vitu vya kale vikitokea kwenye msingi lazima ofisi ya mambo ya kale iambiwe, waje waangalie kama palikuwa na kijiji cha watu wa zamani, na kwamba anaweza kupoteza kazi akinyamaza.

Sasa mimi nina hofu. Hao watu wakija watakaa hata lini? Mvua haziko mbali, na stoo ya Mama Pacha inavuja juu ya baiskeli. Niambie la kufanya. Mimi darasa la nne, wewe ndiye uliyesoma.

Mama yako


Mjini, 23 Machi

Mama,

Soma barua hii peke yako. Usiruhusu mtu yeyote aiite ofisi hiyo. Watu wale wakiingia kiwanja kimekwisha, wanazungushia kamba na hutajenga hata choo. Nimeshazungumza na fundi, atamwaga lori la mchanga juu ya ile kona na kuendelea mbele. Wewe kaa karibu. Mtu akiuliza, sema pale ni mchanga wa kujengea, hakuna kitu.

Nafanya haya kwa ajili yako. Au unataka kuzeekea kwenye stoo ya watu? Nisaidie nikusaidie.

Mwanao


Kwa Mama Pacha, 2 Aprili

Kifungua,

Nimefanya ulivyosema, na nimeharibu. Nisikilize kabla hujakasirika.

Mchanga ulimwagwa, kilima kizima. Mimi nikatandika mkeka wangu pembeni yake nikawa nachambua maharage ya Mama Pacha kila siku, mlinzi asiye na kirungu. Lakini dereva wetu ana mdomo, na habari ina miguu. Tukasikia kwamba mama mmoja wa mambo ya kale anakuja kuangalia.

Mwanangu, mgeni anakuja, na uwanja umejaa vumbi na maganda ya saruji. Ningemwachaje mtu wa serikali akanyage uchafu kwenye kiwanja cha mwanangu? Niliamka mapema nikachukua ufagio nikafagia kote palipochimbwa, vizuri, mpaka udongo ukawa laini kama ngozi. Halafu nikanyunyiza maji vumbi lisimrukie. Nilitaka aone pasafi, aone hapana kitu, anywe chai aende zake.

Alipofika alisimama akashika kiuno. Akauliza nani amefanya kazi hii. Nikasema mimi, nikingoja sifa. Akaniambia, "Mama, umenifanyia kazi ya siku nzima." Kumbe udongo ukifagiwa na kuloweshwa unatoa rangi zake. Pale palipokuwa pekundu tupu sasa palikuwa na madoa meusi ya mviringo, moja, jingine, jingine, yamezunguka kama watoto wanaocheza. Nilikuwa nimeyatazama maisha yangu yote bila kuyaona.

Ni mama wa makamo, anavaa kofia kama ya mfugaji nyuki, na watu wameshamwita Mama Vigae. Hana maringo. Anakaa chini kwenye udongo, anakwangua kwa mwiko mdogo kama wa mwashi, na anazungumza na mimi huku anakwangua. Ameniambia kila doa jeusi ni shimo la nguzo. Mti ulichimbiwa pale, ukaoza, ukaisha, lakini shimo lake halikusahau. Ukifuata madoa unapata ukuta. Madoa yakiachana, hapo ni mlango. Udongo uliokanyagwa ukawa mgumu ni njia ya watu. Paliposhiba majivu mtu alipika. Anasema walikuwa wakulima wenye mifugo, wa zamani sana, kabla ya babu wa babu wa mtu yeyote ninayemjua. Unasoma tu, anasema, kama barua, wala huhitaji kumaliza shule.

Amesema hivi: upande wa barabara hauna kitu, fundi aendelee. Huku nyuma atachora na kupiga picha, na asipopata zaidi ya haya madoa atatuachia kiwanja chetu tujenge. Akipata zaidi, basi. Kilima cha mchanga amekiangalia, akaniuliza chini yake kuna nini. Nikamwambia ni mchanga wa kujengea, hakuna kitu.

Nilisema, mwanangu. Nilimwangalia machoni nikasema, na jioni akanigawia mkate wake.

Mama yako


Mjini, 8 Aprili

Mama,

Ufagio! Haya, yaliyopita si ndwele. Sikukasirika.

Sikiliza, umefanya vizuri kuhusu mchanga. Endelea hivyo hivyo. Huyo mama ni mtu wa kazi yake, si rafiki yako, anakuchekea ili useme. Akiondoka tu mambo yatakwenda mbio. Fundi ameniambia upande wa barabara unakwenda vizuri.

Jiko nimelisikia, mama. Kila barua jiko. Litakuwepo.

Mwanao


Kwa Mama Pacha, 21 Aprili

Mwanangu,

Leo sikusalimii sana, nina swali.

Mama Vigae amenizoesha kusoma chini, sasa siwezi kuacha. Nikitembea natazama udongo. Hata kwa Mama Pacha nimemwonyesha palipokuwa na mlango wake wa zamani, akaniambia sasa nimekuwa mganga.

Jana mvua ilinyesha kidogo. Asubuhi ardhi ilikuwa imelowa vizuri, kiasi kile kile cha rangi kuonekana. Nikasimama upande wa barabara, kwenye msingi wako, nikasema ngoja nisome na nyumba yangu. Niutafute mlango, nitafute kitanda changu kitakaa wapi, nilitafute jiko.

Nimesoma, baba. Nimezunguka mara ya pili nikidhani nimekosea.

Kuna mashimo makubwa ya nguzo, mawili huku na mawili kule, yameachana sana, na katikati hamna mtaro wa ukuta hata mmoja. Ni paa lililosimama juu ya miguu tu. Nyumba gani haina ukuta? Mbele yake kuna shimo refu la kutosha kuficha lori, limejengewa pande zote. Nilidhani ni choo, lakini choo gani kinakuwa mbele ya nyumba, tena kikubwa kuliko nyumba? Halafu njia mbili za kokoto, moja inaingia kutoka barabarani na nyingine inatoka, kama watu hawatarajiwi kukaa. Chumba ni kimoja. Kidogo. Kina nafasi ya mlango nyuma na nafasi ya dirisha mbele, dirisha la kutolea kitu kwa mkono. Nimelala chini mle ndani kwenye udongo kupima, na Fundi Kimya ananitazama. Kitanda changu hakiingii.

Upande wa jua nimeusoma mwisho wa yote. Upande wa jua ni ile njia ya kutokea.

Nikamwendea Fundi. Nikamwambia, wewe ni sawa na mdogo wangu, niambie hii ni nini. Akatazama beleshi. Nikamwambia usipojibu nitaketi hapa kwenye mtaro na mtamwaga zege juu yangu. Akasema, "Mama, mimi niliambiwa unajua." Akavua kofia yake aliposema hivyo, kama watu wanavyofanya kwenye msiba.

Wale watu wa kale sikuwajua, lakini nikitazama mashimo yao naona walilala wapi. Wewe nimekuzaa. Sasa niambie kwa mkono wako mwenyewe. Mimi nalala wapi?

Mama yako


Mjini, 27 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Nilitaka kukueleza uso kwa uso, si kwenye karatasi. Nilikuwa natafuta siku nzuri.

Ni kituo cha mafuta. Barabara ikifika, kiwanja kile ni dhahabu, na mshirika wangu ndiye aliyeliona hilo. Ningekuambia mwanzoni ungekataa kutoka kwenye ile nyumba, nawe unajua ungekataa, na ilikuwa inakuangukia. Sikukudanganya kwa ubaya. Nitakupangishia chumba hapa mjini, kizuri, chenye umeme, ghorofa ya tatu. Jiko la pamoja liko koridoni, wapangaji ni watu wazuri. Hutafua tena kwa mkono.

Mlango usiuwazie. Uko ofisini kwetu, tumeuwekea miguu na kioo juu, umekuwa meza nzuri mno, kila mgeni anauliza nani fundi. Nawaambia ni baba yangu. Ungeona ungefurahi.

Mama, sasa kila kitu kiko kwenye ile kona. Mama Vigae akiondoka bila kuinua mchanga, tumepita. Akiinua, nimekwisha, mshirika wangu hatanielewa. Najua una hasira. Hasira ya mama ni mvua, hainyeshi mwaka mzima. Usiniangushe.

Mwanao, kifungua mimba wako


Kwa Mama Pacha, 5 Mei

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako nikiisoma upya, nikitafuta neno moja. Umeandika dhahabu, umeandika mshirika, umeandika ghorofa. Neno samahani sikuliona. Nikasema labda liko nyuma ya karatasi, nikaigeuza. Pako peupe.

Ile kona nimeifungua.

Sikuambiwa na mtu. Niliazima beleshi kwa Mama Pacha nikaanza na kile kilima, na unaujua mgongo wangu. Mama Pacha aliniona akaja na karai. Hakuuliza, na yeye kutouliza ni muujiza. Fundi Kimya alifika na vijana wake, akasimama, kisha akaninyang'anya beleshi mkononi, akaendelea mwenyewe. Kabla jua halijawa kali tukafika chini. Nikafagia. Nikanyunyiza maji. Halafu nikatuma mtu amwite Mama Vigae, akaja akakuta pamelowa na mafiga yamekaa utatu wao.

Akaniuliza kama nilijua. Nikamwambia nilijua tangu siku ya kwanza, na kwamba mkate wake niliula nikiwa najua. Hakunigombeza. Alinitazama tu. Nikaiona kwa mtu mwingine ile sura ambayo nimekuwa nayo tangu Aprili, na nikaelewa kwamba nimemfanyia mimi ulichonifanyia wewe, tena kwa maneno yako. Hilo nalo nakuachia ulibebe, mimi limenielemea.

Alipiga magoti akafanya kazi. Kuyazunguka yale mafiga yakatokea madoa, madogo, yamekaribiana. Kibanda kidogo sana. Kiko ubavuni mwa nyumba kubwa, mlango wake umetazama mlango wa nyumba kubwa, na kati yao udongo umekanyagwa mpaka ukawa kama sakafu. Njia ya kwenda na kurudi, anasema, mara nyingi, miaka mingi. Jiko liko upande jua linapochomoza. Ni jiko la chungu kimoja. Nikamuuliza ni nani aliyekaa peke yake karibu na watu hivyo. Yeye hapendi kusema asichokijua, kila neno analitangulizia labda. Akasema, "Labda mama yao, alipozeeka."

Labda hiyo inanitosha.

Watu wale hawakuwa na saruji, baba. Hawakuwa na ramani wala mshirika. Walipochimba mashimo ya nyumba yao walimchimbia na mama.

Watu wa mambo ya kale wamezungushia kamba kiwanja chote. Shimo lako la mafuta litafukiwa, na mashine ya zege imekwishaondoka. Usidhani nimeshinda. Hutajenga pale, na mimi sitajenga. Nimeupoteza uwanja ule pamoja na wewe, siku moja, kwa beleshi la kuazima. Mama Pacha amenisogezea magunia, kitanda kimepata nafasi, ila mlango wa stoo ni pazia la gunia, upepo ukija unaingia bila hodi. Ghorofani sitakuja. Sijui kukaa mahali ambapo nikitazama chini siuoni udongo.

Uliniandikia hasira ya mama ni mvua. Sina hasira. Ningekuwa nayo ningejua la kuifanyia. Ninachokiona nikifumba macho ni wewe kwenye kigoda changu, unaniambia upande wa jua, unaonyesha kwa kidole, na nyumba ya baba yako bado imesimama nyuma yako. Ulijua wakati ule? Hapana, usinijibu hilo.

Nijibu hili moja. Dereva wa saruji hana tena saruji ya kuleta huku, lakini nimemwomba apite kwako kwa mara ya mwisho, nimemlipa kwa chai. Waambie wageni wako wanyanyue vikombe vyao. Toa hicho kioo, ng'oa hiyo miguu, mpe mlango wangu. Komeo lisipotee. Sina nyumba ya kuutia, lakini nitauegemeza hapa penye gunia, nipate kitu cha kufunga mwenyewe.

Na ule vizuri. Barua yako ya mwisho mwandiko ulikuwa unatetemeka, najua unapoacha kula.

Mama yako